Usaili ni Alhamisi: wakiniuliza habari za wazazi nijibu nini?

Chaki_Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni. Nina stashahada ya ualimu, nimejitolea miaka miwili shule ya msingi ya serikali kijijini, nafundisha hisabati. Alhamisi nina usaili shule binafsi ya mjini. Mwezi uliopita niliangushwa na swali moja tu: "Unawasilianaje na wazazi?" Nikatiririka: vikao, daftari la mawasiliano, grupu la WhatsApp. Mama mmoja wa kwenye jopo akauliza, "Na asiye na simu janja?" Nikasema namwandikia barua. "Asipojibu?" Nikabaki namwangalia.

Kinachoniuma, jambo hilo limenitokea kabisa. Nilikuwa na kijana wa darasa la nne, analala darasani, hesabu zinamshinda. Niliandika barua tatu kwa bibi yake anayemlea. Kimya. Kumbe bibi hajui kusoma, na aliyekuwa akimsomea ni kijana mwenyewe! Kila barua ilisema "mwalimu anakusifu kwa malezi." Niliona aibu kulisema hilo mbele ya jopo. Nisaidieni.

Kidole_Juu:
Hahaha, huyo dogo mpeni uwaziri wa habari.

MwlMstaafu:
Mwanangu, nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi, na hiyo uliyoificha ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Vikao na grupu kila mtu anavitaja, anayefuata mlangoni naye atavitaja. Sasa niambie, ulipogundua ulifanya nini?

Chaki_Nyeupe:
Shikamoo mzee. Nilipata namba ya kitochi chake kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikampigia jioni akiwa ametoka shamba. Sikuanza na makosa, nilimwambia kwanza kwamba mjukuu wake anajua kuchora kuliko wote darasani. Siku ya mnada akapitia shuleni. Ndipo nikajua kijana anaamka saa kumi usiku kuchota maji kabla ya shule. Tukakubaliana achote jioni. Tangu hapo kila Ijumaa nilikuwa nampigia, dakika mbili tu.

MwlMstaafu:
Marahaba. Jibu unalo, unaomba ushauri gani tena? Lieleze kama ulivyolieleza hapa, ila jina la mtoto na la kijiji yabaki kifuani. Msaili akisikia unataja majina ya watu, anawaza ya kwake utayapeleka wapi.

Bi_Stafu:
Mzee, hapo tunatofautiana kidogo. Shule binafsi shida yao si bibi wa kitochi. Ni baba aliyelipa ada milioni kadhaa na anataka kujua kwa nini mwanawe amekuwa wa ishirini. Watamuuliza mzazi mwenye hasira, ajiandae na huyo.

MwlMstaafu:
Kweli, Bi Stafu. Ila na huyo anashughulikiwa vilevile: msikilize amalize, mwonyeshe madaftari ya mtoto na si maneno, mkubaliane hatua moja na siku ya kuzungumza tena, kisha mwarifu mwalimu mkuu mapema asije akalisikia kwa mzazi. Na usiseme "wazazi wa siku hizi ni wasumbufu." Nimeona vijana wazuri wakikosa kazi kwa sentensi hiyo.

Bi_Stafu:
Nyongeza ya grupu. Wakikuuliza unalitumiaje, sema ni la matangazo: tarehe za mitihani, sare, likizo. Alama za mtoto zinakwenda kwa mzazi wake peke yake. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata NECTA, Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora tangu Januari 2023. Kuna shule niliyofundisha, mwenzangu alibandika orodha nzima usiku, asubuhi ofisi ilijaa akina mama. Sina hamu.

Chaki_Nyeupe:
Asanteni sana. Nimejaribu kuandika mwanzo: "Mimi ninaamini mawasiliano baina ya mzazi na mwalimu ni nguzo muhimu ya..."

MwlMstaafu:
Futa. Anza hivi: "Niliandika barua tatu, hazikujibiwa." Watainua vichwa.

Kidole_Juu:
Usaili saa ngapi?

Chaki_Nyeupe:
Saa tatu, ila tumeambiwa tufike saa moja.

Kidole_Juu:
Basi utaitwa saa saba. Beba karanga.