Misuli yanikaza miezi 4 baada ya kemo, na potasiamu haipandi

Fundi wa Kondele

Hamjambo wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu. Nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi: mionzi siku 25, na dawa ya kemo iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki, mara 5. Nimemaliza miezi 4 sasa, namshukuru Mungu.

Shida ni misuli. Usiku kama saa nane shavu la mguu hujikaza likawa gumu kama mpini wa jembe, naamka nauma shuka watoto wasisikie. Hilo ningevumilia, lakini la mkono limenitisha. Juzi nilikuwa nakata kitambaa cha gauni la bibi harusi, kidole gumba kikajikunja chenyewe kuelekea kiganjani, vingine vikanyooka vikashikana, mkasi ukabaki umening'inia humo humo. Nilivifungua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

Nilipimwa potasiamu, ikawa chini, 2.9. Nikameza vidonge wiki mbili, nikapimwa tena: 3.0. Ndizi nakula asubuhi na jioni. Kila nikiuliza naambiwa ni uchovu wa dawa, utaisha. Dawa nyingine ninayotumia ni omeprazo ya asidi ya tumbo, tangu nianze kemo. Kuna aliyepitia haya?

Mama wa Lanet

Pole sana dada yangu. Magnesiamu yako ni ngapi? Mimi hapa Nakuru nilizungushwa miezi mitatu na potasiamu isiyopanda, mpaka daktari mmoja kijana akaichukua karatasi yangu, akaisoma juu hadi chini, akasema, "Mama, hapa magnesiamu haikupimwa." Kile kipimo cha figo tulichozoea huonyesha sodiamu, potasiamu, yurea na kreatinini. Magnesiamu mara nyingi haimo mpaka iandikwe kwa jina. Yangu ilitoka 0.46, na kiwango cha chini kabisa kwenye karatasi ni 0.7.

Alivyonieleza, sisplatini huumiza vijirija vya figo vinavyoirudisha magnesiamu kwenye damu, kwa hiyo inatoka na mkojo. Inaweza kuendelea kutoka miezi, hata miaka, baada ya dripu ya mwisho. Na ikipungua, figo hushindwa kuishika potasiamu, na kalsiamu nayo hushuka. Ndiyo sababu unameza na hakipandi kitu. Kwa huo mkono wako, waombe wapime kalsiamu pia.

Mimi niliwekewa magnesiamu kwa dripu, kisha vidonge. Vidonge viliniharisha vibaya, nikaambiwa nigawanye dozi na nimeze pamoja na chakula, ndipo tumbo likatulia. Omeprazo usisahau kumtajia daktari, maana ikitumiwa muda mrefu nayo inaweza kushusha magnesiamu. Ila usiiache mwenyewe.

Kijana wa Kakamega

Pole mama. Naongeza moja tu kwa ajili ya mzee wangu, aliyetibiwa saratani ya umio. Tulikuwa tunamkanda mguu kila jioni tukidhani ni misuli. Ulikuwa mguu mmoja, umevimba, una joto, na maumivu hayakuwa ya kuja na kuondoka. Kumbe damu imeganda kwenye mshipa. Mguu wa namna hiyo usikandwe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Muuguzi mstaafu, Kisumu

Binti yangu, usinunue potasiamu wala magnesiamu duka la dawa kwa kukisia. Kwanza wakuangalie kreatinini. Figo zilizochoka hazitoi ziada, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Ukisikia mapigo yanaruka, ganzi kuzunguka midomo, au mwili ukishikwa na degedege, usingoje kuche.

Kwa usiku, weka leso kando ya kitanda. Mguu ukikaza, nyoosha goti, pitisha leso chini ya wayo, vuta polepole vidole vije upande wako, ushikilie hivyo mpaka msuli ulegee. Chakula nacho: mbegu za malenge, njugu, maharagwe, terere, na omena kwa ajili ya kalsiamu. Kula, lakini kama figo zinamwaga, sahani peke yake haitatosha.

Fundi wa Kondele

Ahsanteni sana. Leo nimekwenda na neno MAGNESIAMU nimeliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya vipimo vya nguo, nikamwekea daktari mezani. Imetoka 0.51, na kalsiamu iko chini pia. Figo ziko sawa. Nawekewa dripu kesho asubuhi, na omeprazo amesema ataibadilisha. Leso nimejaribu jana usiku, mama, mguu ulilegea kabla sijaanza kulia. Harusi ni Jumamosi, gauni nimempa jirani amalizie pindo.