Makaburi ya Chapwani ni ya vita ya Sultani au ya meli gani?

kijana_wa_temeke: Wakuu habari zenu. Jumapili nilikuwa Unguja tukachukua boti mpaka Chapwani, kakisiwa kadogo tu, popo kibao wananing'inia mitini. Sasa ndani kuna makaburi ya wazungu, nahodha akatwambia eti ni wale wa vita ya Sultani, ile ya dakika 38. Mi nikaona pameandikwa Pegasus na 1914, mbona haviendani? Anayejua anisaidie.

Mtoro wa Malindi: Nahodha kachanganya, na si yeye peke yake. Vita ile ni Agosti 27, 1896, na meli iliyozama siku hiyo inaitwa Glasgow, ya Sultani mwenyewe, Waingereza waliipiga hapo hapo mbele ya kasri, milingoti ikabaki nje ya maji miaka na miaka. Pegasus ni habari nyengine kabisa. Hiyo manowari ya Waingereza, Septemba 20, 1914, Jumapili alfajiri, imetia nanga bandarini mashine zinatengenezwa, hata kukimbia haiwezi. Mjerumani akaja na Königsberg, akasimama mbali kule ambako mizinga ya Pegasus haimfikii na ya kwake inafika, basi akaitwanga anavyotaka. Mchana ikazama. Walikufa zaidi ya 30, na 24 ndo hao waliolazwa Chapwani. Ila humo kuna na makaburi ya zamani zaidi, mabaharia waliokuwa wakiyafukuza majahazi ya watumwa, kwa hiyo usiseme yote ni ya Pegasus.

KibokoniBoy: Mzinga mmoja wa hiyo Pegasus uko huku kwetu Mombasa, Fort Jesus, na wa Königsberg uko papo hapo pia 😂 walipigana wakaishia kuwa majirani, watoto wanaipanda kupigwa picha wala hawajui ni ya nini.

mrufiji_og: Hamjamalizia stori. Königsberg baada ya pale ilikuja kujificha kwetu delta ya Rufiji, kwenye mikoko, Waingereza wakahangaika nayo mpaka Julai 1915 ndo wakaimaliza kwa zile meli zao fupi fupi Severn na Mersey. Halafu Wajerumani wakaing'oa mizinga yote 10 wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Na unadhani nani aliivuta porini? Wapagazi, babu zetu hao, kwa kamba na mabega. Wazungu 24 wana kisiwa chao na majina yamechongwa, wa kwetu wengi hata walipofukiwa hapajulikani. Mi hiyo ndo inaniuma kila nikisikia habari za Pegasus.

Mtoro wa Malindi: @mrufiji_og hapo umesema kweli kaka.

kijana_wa_temeke: Dah, kumbe nahodha kakosea miaka 18 😅 Shukrani sana wakuu. Mwezi wa kumi na mbili narudi, namtafuta yule mzee nimpe hii ya Glasgow, nione kama atapunguza nauli.