Naomba ushauri: Field Museum ya Chicago na watoto wadogo

Wakuu, habari zenu. Jumamosi nawapeleka wanangu Field Museum, jumba la makumbusho la Chicago, Marekani. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo minne. Mkubwa anamtaka Sue, yule dinosauri aina ya T. rex, basi. Mimi hamu yangu ni kuwaona simba wa Tsavo, wale madume wasio na manyoya shingoni waliokula vibarua wa reli mwaka 1898. Babu alitusimulia habari zao usiku, tena akitia chumvi! Jumba lenyewe ni kubwa mno, siku moja haitoshi. Tuanzie wapi kabla mdogo hajaanza kulilia kubebwa? Upande wa Misri, kwenye maiti zilizokaushwa, hautamwotesha vibaya? Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa? Mliofika naombeni mnijuze.