Dada yuko Uingereza, mshahara zaidi ya milioni 5, anasema ni maskini. Naomba kueleweshwa

Mtoto wa Kilakala:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi, walioko Uingereza naomba mnieleweshe.

Dada yangu wa tumbo moja aliondoka Morogoro 2023 kwenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Mwanzoni alikuwa anatuma laki tatu kila mwezi, mama ananunua dawa za presha na ada ya mdogo wetu inalipwa. Toka mwezi wa tatu mwaka huu ni laki moja, tena kwa kusuasua. Juzi nimempigia kwa video nikamkuta kakaa sebuleni kwake na koti na kofia ya sufu. Nikamuuliza, unatoka? Akasema hapana, hita nimeizima. Akaniambia kwa hesabu za kule yeye na wanawe ni maskini.

Nilimjibu vibaya. Nilisema umetusahau. Akakata simu na mpaka leo hapokei.

Je, kweli mtu anaweza kupata zaidi ya milioni 5 kwa mwezi akawa maskini? Na jingine: anasema mtaani kwake nguzo zote za taa zimewekwa bendera za Uingereza na watu wamebadilika. Wanawachukia wageni? Nimwambie arudi?

Baharia Mstaafu:

Kabla ya yote muombe radhi. Nimeishi nje miaka 11. Neno "umetusahau" ukilisikia umetoka kazini usiku, hulisahau.

Mama Wawili Rotherham:

Mdogo wangu, nimekusoma nikiwa ndani ya gari nasubiri muda wa mteja wa pili. Nafanya kazi hiyo hiyo ya dada yako, huku Rotherham, kaskazini mwa Uingereza. Nitakupa hesabu yangu bila kuficha.

Nalipwa kwa saa. Lakini sikai sehemu moja, naenda nyumba kwa nyumba: naogesha, navalisha, nampa mtu dawa zake, nahamia kwa mwingine. Muda wa barabarani kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine haulipwi, kwa hiyo unatoka nyumbani saa 12 asubuhi, unarudi saa 3 usiku, na saa zilizolipwa ni 8. Mwezi mzuri, baada ya makato, benki inaingia pauni 1,680, hiyo ndiyo zaidi ya milioni 5 yenu. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili 650. Kodi ya halmashauri 110. Gesi na umeme msimu wa baridi 150. Gari, maana bila gari kazi hii hakuna, bima na mafuta 210. Maji 40, simu na intaneti 45. Chakula cha watu watatu 300, na hapo nanunua vile vya kupunguzwa bei jioni duka likikaribia kufunga. Inabaki 175. Humo ndimo kuna viatu vya shule, na humo ndimo unatoka msaada wa mama yangu Moshi.

Na hizo 175 zina mwenyewe tayari. Mwaka 2025 kuomba ukaazi wa kudumu ilikuwa pauni 3,029 kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa sawasawa. Sisi watatu ilikuwa 9,087. Tuliingia tukiambiwa ni baada ya miaka 5, Mei 2025 serikali ikatangaza inataka iwe 10. Kwenye kibali changu imeandikwa siruhusiwi kupokea msaada wa fedha za umma. Kodi nakatwa kama mwenyeji, lakini gari likifa leo hakuna pa kukimbilia.

Sasa hilo neno maskini. Huku hawapimi kwa kukosa ugali. Wanachukua kipato cha kaya iliyo katikati kabisa ya nchi, wanaangalia nani yuko chini ya asilimia 60 yake. Ukishatoa gharama za nyumba, mwaka ulioishia Machi 2024 walio chini ya mstari huo walikuwa kama milioni 14, yaani zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Mimi na wanangu tumo. Na wengi wa hao milioni 14 ni wenyeji wa kuzaliwa, hili ndilo nataka ulielewe kabla ya kuuliza habari za chuki.

Jirani yangu tunatenganishwa na ukuta mmoja. Ni mzaliwa wa hapa, mama yake na bibi yake wa hapa. Ana watoto watatu, na wa tatu kazaliwa baada ya Aprili 2017, kwa hiyo msaada mkuu wa serikali kwa wenye kipato kidogo ulikuwa haumhesabu, hadi sheria hiyo ilipoondolewa Aprili 2026. Mita yake ya gesi ni kama LUKU, anapeleka kadi dukani anawekewa ya pauni 10. Januari alinigongea usiku kajifunga blanketi, mtoto kikohozi kimembana na gesi imekata. Nikampa 5, tukaenda dukani wote kwa miguu, barafu inateleza, ameikumbatia ile kadi kifuani kama cheti cha kuzaliwa.

Mwanamke huyo huyo ananiambia wale wa hotelini wanalala bure huku yeye anakatikiwa gesi. Anawasema watu wanaosubiri majibu ya maombi ya ukimbizi, kama wale waliokuwa wamewekwa hoteli ya Manvers, jirani na hapa, ile iliyovamiwa Jumapili ya Agosti 4, 2024. Zaidi ya watu 200 walikuwa ndani, na nje watu wakasukuma pipa la taka linalowaka hadi mlangoni. Sisi wiki ile tulijifungia. Nilipoishiwa maziwa, jirani ndiye aliyenisindikiza dukani, akanishika mkono njia nzima. Nimemweleza kwamba watu hao kwa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi, na mwaka 2025 waliolishwa hotelini walikuwa wanapewa chini ya pauni 10 kwa wiki. Ananisikiliza. Wiki ijayo anarudia yale yale, maana gesi imekata tena.

Kuna mzee namhudumia, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mgodi wa Manvers ulifungwa 1988, na hapo hapo Manvers ndipo ilipo ile hoteli. Dirishani kwake kuna bendera. Huniambia wageni wamezidi huku nimepiga magoti namvalisha soksi. Nikimuuliza, na mimi je? Anajibu, wewe si wao. Neno hilo linaniuma kuliko tusi, kwa sababu nawajua "wao". Ni watu kama mimi ambao bado hajavalishwa soksi nao.

Mpare wa Kariakoo:

Dada, pole. Lakini tuwe wakweli. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia Uingereza waliwazidi walioondoka kwa zaidi ya laki 9. Nchi gani haitanung'unika? Sisi wenyewe Julai 2025 serikali imewapiga marufuku wageni kufanya biashara 15, kuanzia saluni hadi kutengeneza simu, na hapa Kariakoo tulishangilia.

Mama Wawili Rotherham:

Kaka yangu, kunung'unika siwakatazi. Kupanga nani aingie ni haki ya nchi yoyote. Lakini mimi sikuvunja mlango. Walifungua wenyewe Februari 2022 kwa sababu wazee walikuwa hawana wa kuwaogesha, na Julai 2025 wakaufunga. Waliofurahi mlango kufungwa, mita zao hazijapungua hata peni moja.

Na wewe mdogo wangu, swali la arudi au abaki muachie mwenyewe. Muulize kwanza kama amekula.

Mtoto wa Kilakala:

Nashukuru sana dada yangu. Amepokea leo asubuhi. Sikumuuliza hela. Nilimuuliza kama amekula, akanyamaza, kisha akanizungusha na simu hadi jikoni akanionyesha mita: pauni 3 na peni 40, na watoto hawajaoga. Dawa za mama za mwezi huu na ujao nanunua mimi.