Dada anaenda Saudia miaka 2, watoto 3 wanabaki kwangu. Niandae nini?

Khalati_Kisauni: Hamjambo. Dada yangu amepata mkataba wa kazi za nyumbani Riyadh, anaondoka mwezi ujao. Naachiwa watoto hapa Mombasa: wa miezi 14 (bado ananyonya), wa miaka 7, na wa Gredi ya 6. Baba yao yuko hai lakini hatoi hata senti. Nishike nini kabla hajapanda ndege?

Karani_Mstaafu: Anza na laini ya simu, wakili baadaye. Kama watoto ni wategemezi wake SHA (bima ya afya ya serikali), nambari ya kuthibitisha huduma huweza kuingia kwenye simu yake. Akichomoa laini akaweka ya Saudia, mtabaki mkitazamana na karani wa hospitali huku mtoto anawaka homa. Awashe roaming (laini ifanye kazi nje ya nchi) akiwa bado Kenya, na laini itumike mara kwa mara. Ikikaa miezi kimya, kampuni huifunga na kumuuzia mtu mwingine. Mchango wa asiyeajiriwa hulipwa wa mwaka mzima, basi aumalize kabla ya safari. Bonyeza *147# mhakikishe watoto wote watatu wanaonekana.

Kisha hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Iwe na majina ya watoto herufi kwa herufi kama vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho chake na chako, na iseme wazi kwamba unaruhusiwa kuidhinisha matibabu, upasuaji ukiwemo, na kusaini shuleni. Huyo wa Gredi ya 6 atasajiliwa KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi hiyo. Jina la shuleni likipishana na la cheti, lirekebishwe sasa, maana baadaye atatakiwa mzazi mwenyewe.

Ila kiapo hakimfungi baba. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa mama na baba wajibu sawa, wameoana au hawakuoana. Akija kuwachukua, karatasi yako si amri ya korti. Muiteni mapema kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, makubaliano yaandikwe na atie sahihi, matunzo yakiwemo. Akikataa, njia ni Mahakama ya Watoto, na kesi hiyo ni rahisi zaidi mama akiwa hapa.

Nesi_wa_Kliniki: Mdogo aanze kuachishwa wiki hii. Punguzeni nyonyesho moja kila baada ya siku chache, la usiku liwe la mwisho. Msipake shubiri wala pilipili. Akiachishwa siku ya safari, anakosa ziwa na mama kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukataa chakula. Alale kwako angalau wiki mbili kabla. Maziwa ya kopo ya nini? Amepita mwaka: maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, nusu lita hivi kwa siku, na milo midogo 4 hadi 5. Chukua kijitabu cha kliniki: surua-rubela ya pili ni miezi 18, vitamini A kila miezi 6 mpaka afike miaka 5.

Khalati_Kisauni: Ahsanteni sana. Mama yetu anasema dada aondoke usiku watoto wakiwa wamelala, wasilie.

Mwl_Gredi3: Hapana, kwa heshima zote kwa bibi. Wa miaka 7 akiamka asimkute, ataogopa kulala, na ukienda dukani tu atakufuata akilia. Aagwe mchana, aambiwe ni miaka miwili, si "narudi kesho". Saa za Riyadh na Mombasa ni zile zile, lakini kazi za ndani huisha usiku, na Ramadhani ndiyo kabisa. Msingoje simu, arekodi sauti kwenye WhatsApp, mtoto asikilize asubuhi akivaa yunifomu. Na asitumwe kuomba pesa kwenye simu. Akizoeshwa hivyo, mama anageuka benki.

Karani_Mstaafu: Hilo la pesa: mshahara wa kwanza huja baada ya mwezi wa kazi, na mara nyingi huchelewa. Aache matumizi ya miezi mitatu. Mshahara wa riyali 900 ni kama shilingi 31,000, si mali. Karo iende moja kwa moja kwa akaunti ya shule, ya chakula kwako, na posho yako wewe itajwe sasa mbele ya bibi, kiasi na tarehe.