Toyota IST inapunguza maji ya rejeta: nimwage dawa ya kuziba au nifungue?

Kipanga wa Tegeta

Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Maji kwenye riziva (kile kitenki cha plastiki cha akiba ya maji ya rejeta) yanapungua kama nusu lita kwa wiki. Chini ya gari asubuhi pakavu, na haijawahi kuchemsha. Fundi mmoja anasema nimwage chupa ya dawa ya kuziba rejeta, mchezo umeisha. Mwingine anasema hiyo dawa inaua injini. Nimsikilize nani? Na kama ni kumwaga, inamwagwaje?

Bisibisi Nyota

Kila mmoja kasema nusu ya ukweli, na wote wameruka swali la kwanza: maji yanatokea wapi? Dawa inaziba tundu dogo kwenye chuma kilichotulia. Uvujaji ukiwa kwenye mpira, kwenye plastiki iliyopasuka au kwenye shafti inayozunguka, unamwaga hela.

Nusu lita kwa wiki bila tone chini mara nyingi ni maji yanayotoka kidogo kidogo na kukaukia juu ya injini ya moto. Anza na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa ya baridi kabisa. Mpira wake ukiwa umekakamaa au umepasuka, badilisha kabla ya kugusa kingine. Toyota nyingi za aina yako kimeandikwa 1.1, yaani takriban bar 1.1. Hiyo ndiyo presha kinayoshikilia, na ndiyo inayofanya maji yachemke kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Usikubali kufungiwa cha 0.9 kwa sababu tu kimeingia.

Halafu tafuta gereji yenye pampu ya kupimia presha ya rejeta. Inafungwa pale pa kifuniko, unapampu mpaka 1.1, unaacha dakika 15. Mshale ukishuka kuna mahali panavuja, na kwa kuwa injini ni ya baridi maji hayakauki, utayaona. Usipitishe hapo, utapasua rejeta kwa mkono wako. Mulika tochi kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu ya rejeta, kwenye shingo za hozpaipu, na chini ya wota pampu (pampu inayozungusha maji) penye kile kitundu kinachotema maji sili, yaani kizuizi cha maji kwenye shafti yake, ikifa. Ingia na ndani: kapeti ya mbele ikiwa na unyevu unaonata na harufu ya utamuutamu, ni rejeta ya hita, kile kirejeta kidogo cha kupasha joto ndani ya gari. Kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini) ikikauka huacha ukoko wa rangi yake. Fuata ukoko mpaka ulipoanzia, maana upepo wa feni huurusha mbali na chanzo.

Nje pakiwa pakavu kote na mshale bado unashuka, toa plagi. Moja ikiwa safi kuliko wenzake, kama iliyooshwa kwa mvuke, maji yanaingia kwenye silinda. Kuna na kile kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Ikigeuka njano, hewa ya moto wa injini inaingia kwenye maji.

Subira II

Mnamchosha mwenzenu. Yai moja au kijiko cha pilipili manga, anaendelea na safari. Wazee wamefanya hivyo miaka yote.

Nyundo Nzito

@Subira II, wazee walikuwa na rejeta za shaba zenye njia pana, na ikiziba fundi alifungua tenki la juu, akachokoa kwa waya, akachomelea tena kwa risasi. Rejeta ya IST ni ya aluminiamu, njia zake ni nyembamba na matenki yake ya plastiki yamebanwa kwa meno. Ute wa yai ukiganda mle hakuna wa kuutoa. Pilipili inafanya kazi kwa namna ileile ya dawa za dukani, chembe zinasukumwa na presha mpaka kwenye tundu zinarundikana, ila haina kipimo na inaoza.

Kipanga, dawa zenyewe ziko za namna mbili, na hapa ndipo watu wanaharibu. Ya kwanza ina chembechembe: unga wa aluminiamu, nyuzinyuzi au vidonge vya mimea vilivyosagwa. Nyingi za hizi unaweza kuchanganya na kulanti. Ya pili ni maji mazito ya silikati ya sodiamu, yale yanayouzwa kwa ajili ya gasketi ya silinda hedi (ile inayokaa kati ya bloku na kichwa cha injini). Hii hukauka na kuwa kama kioo inapokutana na joto kwenye ufa. Ikikutana na kulanti inaganda humo humo, unabaki na uji kwenye rejeta. Kama maelezo ya chupa yanataka maji matupu, toa kulanti yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo umwage.

Ukiamua kutumia ya chembechembe:

Soma nyuma ya chupa inatibu lita ngapi. Mfumo mzima wa IST ni kama lita 5, na chupa nyingi zimepimiwa gari kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo nusu chupa inaweza kukutosha. Fungua koki ya chini, punguza maji kiasi kilekile utakachoongeza. Tikisa chupa sana, chembe hulala chini. Mwaga kwenye rejeta, si kwenye riziva, kwa sababu maji ya riziva hayazunguki, yanaingia na kutoka tu. (Magari ya Ulaya yasiyo na kifuniko juu ya rejeta, riziva yao ina presha na maji yanapita mle, hayo ndiyo unamwagia kwenye riziva.) Funga kifuniko, washa, weka hita joto la mwisho, acha injini ingurume mpaka hozpaipu ya chini ipate moto. Hiyo ni dalili kwamba thamostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya rejeta) imefunguka, na bila hivyo dawa inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Ongeza dakika 15 au 20, kisha endesha taratibu.

Usirudie dozi kwa sababu haikuziba. Haikuziba maana yake tundu ni kubwa au si la kuzibwa na dawa. Dozi ya pili inakwenda kulala palipo pembamba zaidi: rejeta ya hita, mrija wa riziva, na ile vali ndogo katikati ya kifuniko. Vali hiyo ikinata, injini ikipoa maji hayarudi kutoka riziva na hozpaipu ya juu inanywea. Na kama maji yako sasa hivi ni ya kutu, rangi ya chai ya maziwa, usithubutu kabla ya kuosha. Kutu na dawa vikishikana ni saruji.

Wa Ngara

Niongeze kutoka Nairobi, maana hapa watu wamegawanyika kama dawa ni uchawi au ni sumu. Kuna kampuni ya magari iliyowahi kuimwaga yenyewe. Mwaka 2004 Subaru ya Marekani iliwaita wenye injini ya lita 2.5 za miaka ya 1999 hadi 2002, zilizokuwa zinavuja nje kwenye gasketi ya silinda hedi, ikawawekea dawa yake ya kulanti na kuwaongezea dhamana ya gasketi hiyo hadi miaka 8 au maili 100,000. Kwa hiyo si kila dawa inaua injini. Lakini angalieni ilikuwa kwa ajili gani: uvujaji mdogo, wa nje, mahali panapojulikana. Subaru inayotoa mapovu kwenye riziva, yaani hewa ya moto wa injini inaingia kwenye maji, haiponi kwa dawa hiyo.

Mzee wa Kitonga

Kwa wasafiri tu. Umekwama njiani, dawa ipo ndani ya buti na mji uko mbali, mwaga, hakuna wa kukulaumu. Zima AC, fungua hita yote, panda mlima kwa gia ndogo na mwendo wa pole. Kifuniko usikiguse injini ikiwa ya moto, mvuke unabambua ngozi. Ukifika, safisha mfumo na utengeneze panapovuja.

Na maji ya kisima chenye chumvi yasikae kwenye rejeta ya aluminiamu siku nyingi, hata kama ni dharura. Yanaila, na mwezi mwingine utarudi hapa kuuliza dawa gani nzuri.

Kipanga wa Tegeta

Wakuu, nimepimisha. Mshale ulishuka polepole. Rejeta na hozpaipu safi. Chini ya wota pampu kuna ukoko wa pinki, na maji yalianza kuchungulia kwenye kile kitundu. Fundi bado anasema tumwage kwanza tuone.

Bisibisi Nyota

Mwambie asubiri. Pale ni sili ya shafti, inasuguana muda wote injini ikiwaka. Dawa haina pa kushika, na chembe zinaweza kuingia kwenye nyuso za sili zikaimaliza kabisa. Bearing ikifuata, mkanda unatoka, na mkanda huohuo ndio unazungusha oltaneta, ile inayochaji betri.

Kwenye 1NZ pampu iko nje, haihusiani na cheni ya taimingi, usikubali kutozwa ya kufungua cheni. Mwaga maji kwa koki. Legeza bolti za puli ya pampu *kabla* ya kutoa mkanda, maana mkanda ndio unaizuia isizunguke. Legeza oltaneta, toa mkanda, toa pampu. Uso wa kukalia gasketi ukwanguliwe kwa plastiki au mbao, bisibisi inaacha mikwaruzo na utavuja tena palepale. Gasketi mpya, usijaze silikoni juu yake: inayozidi inamong'onyoka na kwenda kwenye rejeta. Bolti zikazwe kwa kukingamanisha, kidogo kidogo, ule ni mwili wa aluminiamu.

Nyundo Nzito

Na thamostati irudi mahali pake. Najua fundi atakwambia Dar ni joto, haina kazi.

Kujaza: kulanti ya kuchanganya, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, iliyochanganywa tayari usiiongeze maji. Mimina polepole huku unaminya hozpaipu ya juu kwa mkono, hewa itoke. Washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, hita kwenye joto la mwisho, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, bado kuna hewa ndani. Thamostati ikishafunguka na mapovu kukatika, funga, jaza riziva mpaka alama ya juu. Kesho yake asubuhi ikiwa ya baridi, fungua tena uangalie: rejeta iwe imejaa mpaka shingoni, riziva itakuwa imeshuka kidogo tu. Ongeza hapo, halafu andika alama kwa peni kwenye riziva uifuatilie.