Ushauri: nichome mayai sindano ya vitamini kabla vifaranga hawajatoka?

MamaBanda_Moro
Habari za jioni wanajamvi. Nipo Morogoro, nafuga kuku chotara wazazi na natotolesha vifaranga wa kuuza kwa mashine ya mayai 264. Nikimulika mayai siku ya 7 mishipa inaonekana vizuri kabisa, lakini kuanzia siku ya 18 vifaranga wengi wanafia ndani ya ganda. Wanaotoka, baadhi vidole vimejikunja kwa ndani kama ngumi, wanatembelea visigino. Wateja wanawakataa, na roho inaniuma kuona kifaranga anakufa njaa huku chakula kiko pembeni yake.

Kwenye grupu moja la WhatsApp nimeambiwa ni upungufu wa vitamini. Eti siku ya 18 nitoboe yai upande wenye hewa, nichome vitamini ya maji kwa bomba la insulini, kisha nizibe kwa nta. Joto langu ni 37.7, unyevu siku za mwisho naupandisha hadi asilimia 68. Kuku wanakula chakula cha kuku wa mayai cha dukani. Mayai yaliyomo yanafika siku ya 18 Alhamisi. Naombeni msaada.

Totoa_Kibaha
Dada, aliyekwambia hajatunga. Marekani walianza kuchanja mayai kwa mashine dhidi ya ugonjwa wa mareksi, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, mwaka 1992, siku hiyohiyo ya 18. Baadaye watafiti wawili, Zehava Uni wa Israeli na Peter Ferket wa Marekani, wakapata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) mwaka 2003 ya kulisha kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Virutubisho vinaingizwa kwenye yale maji yanayomzunguka, naye anayameza kabla hajaanza kutoboa ganda. Kwa hiyo jambo lenyewe lipo.

DaktariMifugo
Lipo, ila naomba usilifanye Alhamisi. Kiwanda kinatumia mashine inayotoboa kwa kina kilekile kila yai na kusafisha sindano kati ya yai na yai, na chanjo yenyewe imeandaliwa isiingie bakteria. Ile poda ya vitamini ya dukani imetengenezwa kwa maji ya kunywa. Ukiiingiza ndani ya yai lililo kwenye nyuzi 37 umewapelekea bakteria chakula mahali wanapopapenda. Yai moja likioza na kupasuka linachafua trei nzima. Tena kwa mkono huwezi kujua sindano imeishia wapi: kwenye maji, kwenye kiini au kwenye mwili wa kifaranga.

Hoja yangu kubwa ni hii. Vitamini za kifaranga zinawekwa na mama yake wakati yai linatengenezwa. A, D, E na K zinakaa kwenye kiini. B2 (riboflavini) inaingia kwenye kiini na kwenye ute pia. Sasa angalia unachowapa wazazi. Chakula cha kuku wa mayai kimepigiwa hesabu ili kuku atage mayai ya kuliwa, kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, hakimo kwenye hesabu hiyo. Mwongozo wa NRC (Baraza la Taifa la Utafiti) la Marekani wa 1994 unataka miligramu 2.5 za B2 kwa kilo ya chakula kwa kuku wa mayai ya kula, na 3.6 kwa kuku wazazi. Kuku wako anaweza kutaga vizuri, akanawiri, na bado yai likaenda kwenye mashine na upungufu. Vidole kujikunja ndani miguu yote miwili na kutembelea visigino ndiyo sura ya kukosa B2.

MzeeMfugaji_Njombe
Mwanangu, kabla hujanunua chochote, pasua yale mayai yaliyogoma kuanguliwa. Mtoe kifaranga, mwoshe taratibu kwa maji ya vuguvugu, umtazame manyoya. Akikosa B2, manyoya hayafunguki, yanabaki mafundo mafundo yaliyojikunja ndani ya vifuko vyake. Mdomo ukiwa umepinda kama wa kasuku, wazia biotini (vitamini B7). Wakiwa wamekamilika vizuri lakini wamelowa na kuvimba, hiyo ni habari ya unyevu na hewa ya mashine, vitamini haihusiki.

Wazazi wape mchicha au lusina (alfalfa) mbichi kila siku, na dagaa wasio na mchanga. Mahindi peke yake B2 yake ni ndogo.

MamaBanda_Moro
Shikamoo mzee wangu, nimepasua manne leo. Matatu yana hayo mafundo mgongoni na shingoni, nimeyaona kwa macho yangu. Nashukuru sana, sindano naiacha. Nikibadilisha chakula leo, mayai mazuri nayapata lini? Na hawa waliokwisha kujikunja?

DaktariMifugo
Tafuta premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuchanganya kwenye chakula) ya kuku wazazi, iangalie tarehe, na uihifadhi pasipo jua, maana B2 inaharibiwa na mwanga. Kiini kinajazwa kwa siku kama kumi, kwa hiyo usikusanye mayai ya mashine mpaka wiki mbili zipite. Yale ya katikati uza ya kula. Ukianza kukusanya, usiyaweke zaidi ya siku 7.

Vifaranga waliojikunja juzi au jana wape vitamini za kundi B kwenye maji leo hii, wengi wao hunyooka. Watenge kwenye boksi lenye sakafu isiyoteleza, maji na chakula viwe karibu na midomo yao, kwa sababu wenzao wakiwakanyaga hawataamka. Walioishi hivyo kwa muda mrefu neva zimeshaharibika, hawatapona.

Na vifaranga wa yale mayai manne uliyopasua, pamoja na wengine wakifa, usiwatupe. Wapeleke na sampuli ya chakula maabara ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), upo nayo hapohapo Morogoro.